Kilo Moja Katika Kila Gunia la Namasakata

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Jumatatu, simu yangu iliita nikiwa sijakaa kwenye kiti. Alikuwa Rukia, mpimaji wetu wa korosho katika ghala la Namasakata, kule Tunduru.

"Shikamoo, Mama Komba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

"Nimeitwa mwizi. Mbele ya mkutano, mbele ya baba mkwe wangu. Wanasema nakula kilo moja katika kila gunia."

Nilimwambia asiongee na mtu na asitie saini karatasi yoyote mpaka nimpigie. Alitia saini mchana ule ule, kwa sababu wengine walimfikia kabla yangu. Nimestaafu mwaka huu kwa hiari, nina miaka hamsini na mitano, na katika yote niliyoyaona kwenye chumba cha seva, hili ndilo bado linanifanya niongee peke yangu jikoni. Nyinyi mliobaki pale ofisini mmeniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi. Nawaandikia, lakini msitegemee nitacheka sana.

Niliingia chama chetu cha ushirika, kwenye ofisi za Majengo, nikiwa mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma na ikafunikwa kwa kitambaa kingine, na kwa muda mrefu kazi yangu kubwa ilikuwa kuvifua vitambaa hivyo. Baadaye ikaja seva ya Linux. Haikuwa na picha wala kipanya, ilikuwa kioo cheusi na alama ndogo inayowakawaka. Wenzangu waliikwepa. Mimi niliipenda kwa sababu moja: ukiiandikia sawa inajibu sawa, ukikosea inakwambia umekosea. Sikuwa nimezoea kupata hayo kwa watu wa ofisini.

Aliyenifundisha ni Kalinga, fundi aliyetoka Iringa, Mhehe, kwa hiyo mtani wangu mimi Mngoni. Wiki yake ya kwanza nilimwambia kwamba mlinzi ameanza kumfunga mbwa wake ndani asije akaliwa, amesikia Mhehe ameajiriwa. Kalinga hakukasirika. Alisubiri. Siku iliyofuata nilikuwa natafuta programu moja ndani ya seva, nimeingia folda hii, nimetoka, nimeingia ile, jasho linanitoka. Akasimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"We Mngoni," akasema, "babu zako wametembea kutoka kusini kote kule bila ramani wakafika. Wewe unapotea kwenye folda tano?"

Kisha akavuta kiti, akanifundisha jambo ambalo nimelifundisha kwa kila aliyepita chini yangu. Nalirudia hapa kwa sababu nina hakika nusu yenu mlikuwa mnaangalia simu.

Programu kwenye Linux haikai sehemu moja kama mlivyozoea. Iliyokuja kwa furushi rasmi la mfumo huwekwa `/usr/bin`. Aliyoijenga fundi kwa mkono wake kwa kawaida huiweka `/usr/local/bin`. Muuzaji anayekuja na mzigo wake wote, maktaba zake na vikorokoro vyake, anautua `/opt`. Na yule asiyemjali mtu anaweka kwenye folda yake ya nyumbani, halafu anahama kazi. Unapoandika jina la programu tu, seva haitafuti kila mahali. Ina orodha ya njia, inaitwa `PATH`, inapita folda moja baada ya nyingine, na ya kwanza kukutana nayo yenye jina hilo ndiyo inayoitika. Zilizobaki zinakaa kimya.

"Nenda sokoni Majengo uite 'Komba!'" Kalinga akasema. "Watageuka watu kumi. Ita jina hilo hilo nyumbani kwako, atageuka mmoja. Kwa hiyo usiniulize programu iko wapi. Niulize ni ipi inayoitika, na anayeita amesimama wapi."

Akanionyesha amri za kuulizia. `which` inakwambia itakayoitika ukiita wewe, basi. `type -a` inakutajia zote zenye jina hilo katika orodha yako. `dpkg -S` inakwambia faili hili ni la furushi gani, na kama si la furushi lolote, kuna mtu ameliweka kwa mkono, mtafute. `readlink -f` inafuata kiungo mpaka kwenye faili lenyewe, maana faili nyingi mnazoziona ni vibao tu vinavyoelekeza kwingine. Sikusoma chuo cha kompyuta. Nilisoma kurasa za maelezo zilizomo ndani ya seva yenyewe, ukurasa mmoja kila mapumziko ya chai, na neno nisilolijua nilimuuliza Kalinga, naye akanitukana kidogo kwanza ndipo akajibu.

Kalinga alipohamia Makambako nilibaki peke yangu na seva, pamoja na desturi moja ya ofisi yetu ambayo mnaijua vizuri, na leo nataka kuitukana kwa maandishi. Cha mwenzako hakiguswi mpaka makabidhiano. Mtu akiondoka, kabati lake linafungwa, meza yake inaachwa na kikombe chake juu, na faili zake kwenye seva zinabaki jinsi zilivyo, kwa sababu siku moja atakuja afisa na kuuliza, "Nani alifuta?" Hakuna aliyewahi kufukuzwa kazi kwa kuacha takataka. Waliofukuzwa ni waliosafisha. Na makabidhiano yenyewe hayafanyiki, kwa sababu anayeondoka ameshaondoka na anayekuja hajafika. Kwa hiyo seva yetu ilijaa mizigo ya wageni waliokwisha kupanda basi. Niliwahi kuandika barua kuomba kibali cha kuondoa programu tatu zisizotumika. Jibu lilikuwa kwamba suala hilo lisubiri makabidhiano.

Sasa sikilizeni jambo la korosho.

Tulikuwa na programu iliyoitwa `kokotoa`. Kila jioni wapimaji wa maghala walituma faili la uzito kwa simu za ofisi. Saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, ratiba ya seva, hiyo tunayoiita cron, iliiamsha `kokotoa`, ikasoma uzito na kutoa orodha ya malipo ya wakulima. Katika mizani za zamani, korosho ilipimwa pamoja na gunia lake, kwa hiyo `kokotoa` iliondoa kilo moja ya gunia. Hilo lilikuwa halali na kila mkulima alilijua.

Kisha Namasakata wakapelekewa mzani wa kidijitali, wa kwanza kwetu. Juu ya ule unaweka gunia tupu, unausawazisha usome sifuri, ndipo unajaza. Uzito unaoandikwa ni wa korosho peke yake, hakuna cha kuondoa tena. Chama kikaajiri kampuni kuleta `kokotoa` mpya inayotambua alama ya mzani mpya ndani ya faili na kuacha kukata. Alikuja kijana mmoja kutoka Dar, ofisi nzima ikamwita Injinia. Sina ubaya na kazi yake. Programu yake ilikuwa safi, niliisoma mstari kwa mstari. Ubaya wangu ni kwamba siku alipomaliza alibadilisha nywila ya seva, akasema mkataba unampa miezi mitatu ya uangalizi na katika kipindi hicho asiguse mtu mwingine. Meneja akakubali. Nilifungiwa nje ya chumba nilichokifagia kwa miaka, na nikaambiwa nifurahie likizo.

Wiki ya pili ya msimu wakulima wa Namasakata walilinganisha stakabadhi zao na malipo. Gunia lililosoma kilo themanini kwenye stakabadhi limelipwa sabini na tisa. La themanini na mbili limelipwa themanini na moja. Magunia mia nne ishirini na nane, kila moja limepungua kilo. Kwa mkulima wa korosho, kilo ya gunia ndiyo hila ya zamani kuliko zote za wapimaji, babu zao waliibiwa kwayo. Hawakuhitaji kufikiri. Walimtazama Rukia.

Meneja alimwamuru kwa simu, "Tuma upya uzito wote wa wiki mbili." Rukia akatuma, maana ameagizwa na mkubwa wake. Faili mpya zikafika na kufuta za kwanza, kwa kuwa zilikuwa na majina yale yale. Injinia akaketi kwenye seva, akaandika `kokotoa` kwa mkono wake, na mbele ya macho yetu uzito ukatoka sawasawa na stakabadhi.

"Mfumo uko sawa," akasema.

Meneja akageukia ukuta kana kwamba kuna umati. "Mmeona? Hizi za sasa ziko sawa. Maana yake za kwanza alizipunguza. Amebanwa, ametuma za kweli."

"Umemwagiza wewe atume," nikasema.

"Mama Komba, wewe ni mtu wa mitambo. Hili ni la utawala."

"Basi niruhusu niangalie mtambo."

"Mtambo uko sawa, umesikia. Mwizi ni mtu."

Ndipo wakampelekea Rukia karatasi: alipe pengo lote ndani ya siku saba au apelekwe polisi. Alinipigia tena jioni.

"Mama, hebu nisaidie kufikiri. Mimi ni mwizi, sawa. Nina mzani, nina giza la ghala, nina magunia mia nne. Mwizi gani anachukua kilo moja, kilo moja, kilo moja, hata gunia la Mwenyekiti, hata la mama yangu mzazi? Wallahi, ningekuwa naiba ningechagua."

Sijasikia hoja bora kuliko hiyo katika kikao chochote nilichohudhuria. Kesho yake niliipeleka kwa Meneja kama ilivyo. Alisema wezi wa siku hizi ni wajanja.

Mume wa Rukia aliuza cherehani ya mkewe, pikipiki, na mpunga wa chakula uliokuwa ndani. Wakalipa. Wakulima wakapata kilo zao kutoka mfukoni kwa Rukia, mkutano ukapiga makofi, na yeye akasimamishwa kazi. Mzani akapewa mpwa wa Mwenyekiti, kijana mwenye shati jeupe.

Malipo ya wiki iliyofuata yalipotoka, kila gunia lilikuwa limepungua kilo moja.

Meneja alikuja mwenyewe mezani kwangu. Alikuwa hajawahi kufika upande ule tangu nimfahamu.

"Mama Komba, hebu kaangalie."

"Mfumo si uko sawa?"

"Nimesema kaangalie."

"Au na huyu ni mwizi? Naye auze pikipiki?"

Akachukua simu. Alimpigia Injinia aliyekuwa Dar, nywila ikatajwa kwa simu, mkubwa mzima akiirudia kwa sauti herufi baada ya herufi, ofisi nzima inasikia. Hayo ndiyo yalikuwa masharti makali ya uangalizi.

Nilikaa. Nilichukua faili moja la mpwa, ambalo halijaguswa na mtu tangu lilipofika. Nikaliendesha kwa mkono: themanini. Nikafungua orodha ya malipo iliyotolewa alfajiri kutoka kwenye faili lile lile: sabini na tisa. Faili moja lina majibu mawili. Hapo mtu wa kawaida anaanza kushuku mashine imechoka. Mimi nilisikia Kalinga na kikombe chake: anayeita amesimama wapi?

Nikaandika `type -a kokotoa`. Ikajibu mistari miwili:

`/usr/local/bin/kokotoa`
`/usr/bin/kokotoa`

Nikauliza ya kwanza kwa `readlink -f`. Ilikuwa kibao tu, kinaelekeza `/opt/kokotoa-2`, nyumbani kwa Injinia. Nikauliza ya pili kwa `dpkg -S`. Ilikuwa ya furushi la zamani, la fundi wa kabla yake, ipo nzima, inapumua, inakata kilo ya gunia kama ilivyofundishwa. Kisha nikafungua ratiba ya cron. Mstari ulisema saa, dakika, na neno moja: `kokotoa`. Njia kamili haikuandikwa.

Nyinyi ambao mmenifuata mpaka hapa mmeshaelewa. Binadamu akiingia kwenye seva yetu, orodha yake ya njia inaanza na `/usr/local/bin`, kwa hiyo anaitikiwa na programu mpya. Cron si binadamu. Orodha yake ni fupi, ina `/usr/bin` na `/bin` tu. Ilipoita alfajiri iliitikiwa na ile ya zamani. Kila aliyekuja kukagua mchana, akiandika kwa vidole vyake, alioneshwa jibu sahihi. Maghala mengine hayakulalamika kwa sababu bado yalikuwa na mizani ya zamani, na huko programu zote mbili zinakata sawa. Namasakata peke yao ndio walikuwa na mzani mpya, na wiki zile za kwanza Rukia peke yake ndiye aliyekuwa akiusimamia.

Nilimpigia Injinia. Nilikuwa nimejiandaa kumfokea. Nilimsomea mistari miwili ile.

"Cron," akasema kwa sauti ndogo.

"Cron. Kwa nini uliiacha ile ya zamani?"

"Mama, haikuwa yangu. Niliuliza siku ya kwanza kama niiondoe, nikaambiwa nisubiri makabidhiano. Wewe ungeifuta?"

Nilitaka kusema ningeifuta. Ningesema uwongo. Nisingeifuta, na hakuna hata mmoja kwenye jengo lile ambaye angeifuta. Hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi: nilikuwa nimemkamata mtu ambaye hakufanya lolote ila kutii ofisi yetu.

"Lakini njia kamili kwenye cron ungeweza kuandika," nikasema. "Hiyo haihitaji kibali."

"Ningeweza, Mama. Hilo ni langu." Akavuta pumzi. "Ila kwenye ripoti, tuseme tu hitilafu ya mfumo."

"Mwanzo ulisema mfumo uko sawa."

Niliongeza maneno machache ambayo Jumamosi niliyapeleka kanisani kuungama. Kisha nilirekebisha. Kwenye mstari wa cron, mahali pa neno `kokotoa`, niliandika `/opt/kokotoa-2/bin/kokotoa`. Basi. Chai niliyokuwa nimemimina ilikuwa bado ya moto. Familia ilikuwa imeuza chakula chake kwa sababu ya herufi ambazo hazijazi hata nusu ya mstari.

Niwaambie mnachotakiwa kufanya, kisha nimalizie. Mkiweka programu, andikeni mlikoiweka, mahali ambapo mgeni atapaona. Kwenye cron andikeni njia kamili, kila mara, hata kama mnaona aibu kwa urefu wake. Msijaribu mfumo mkiwa nyinyi. Ujaribuni mkiwa yule atakayeuendesha kweli. `which` inamjibu aliyeuliza peke yake, haijui wengine wanasikia nini. Na mtu akikwambia "mfumo uko sawa", mwulize: ni upi?

Nilipeleka maelezo yangu kwa Meneja, kurasa mbili. Alisoma yote, nakiri hilo. Wakulima waliopunjwa kwenye wiki ya mpwa walilipwa na chama siku mbili baadaye, na mpwa hakuitwa mwizi hata kwa mzaha. Nikauliza kuhusu Rukia.

"Atarudishwa kazini. Nimeshaandika."

"Na pesa yake?"

"Pesa gani?"

"Aliyowalipa wakulima."

Meneja alizipanga karatasi zangu vizuri, kona kwa kona. "Wakulima wa wiki zile walishalipwa, Mama Komba. Deni la chama kwao halipo. Mkaguzi ataniuliza nimelipa mara mbili kwa nini."

"Chama hakijalipa hata mara moja. Amelipa Rukia."

"Alilipa kwa hiari. Ametia saini. Hakuna kifungu cha kurudisha pesa iliyotolewa kwa hiari."

Niliandika barua kwa bodi. Niliandika tena. Injinia, nimpe haki yake, aliandika moja kutoka Dar akikiri kosa la cron kwa jina lake. Barua zote tatu ziliunganishwa kwenye jalada moja, na jalada likasubiri katibu mpya, kwa sababu wa zamani alikuwa ameondoka bila makabidhiano.

Rukia nilimfuata mwenyewe mpaka Namasakata kumpa ile barua ya kurudi kazini. Aliisoma akiwa amesimama, akairudisha kwenye bahasha.

"Ahsante, Mama. Sirudi."

"Wamekusafisha, mwanangu. Imeandikwa."

"Imeandikwa hitilafu ya mfumo. Pale ghalani nani anaujua mfumo? Nitaweka gunia juu ya mzani, watatazama vidole vyangu, siyo namba." Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Waambie tu wanirudishie cherehani."

Niliwaambia. Niliwaambia mpaka siku ya mwisho, kwenye hafla ya kuniaga, Meneja akiwa ameshika zawadi yangu iliyofungwa kwa karatasi ya maua na wapiga picha wakisubiri tushikane mikono. Nilimuuliza hapo hapo, kwa kipaza sauti. Akasema suala hilo linashughulikiwa, watu wakapiga makofi. Mpaka ninapoandika hapa hajarudishiwa hata senti. Alichopoteza Rukia ni shilingi milioni moja, laki mbili na elfu themanini na nne.